Choo kinaziba kila mara? Fungua chemba kwanza

Kama kila baada ya muda mnaita fundi anazibua kwa fito, ile fimbo ndefu ya kusukuma ndani ya bomba, mnashukuru, halafu maji machafu yanarudi tena bafuni, basi chanzo chenyewe bado hakijaguswa. Hapa Dar nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la maji taka la mji, tunatumia mashimo yetu, kwa hiyo mara nyingi tatizo liko humohumo ndani ya geti.

Angalia panapofurika. Sinki la jikoni peke yake likigoma, ni mafuta yameganda kwenye bomba la jikoni tu. Ila ukiflashi choo halafu maji yanachomoza kwenye tundu la bafuni, njia kuu ndo imeziba, maana maji yanatokea tundu lililo chini kuliko yote.

Sasa fungua chemba zote, yale mashimo madogo yenye mfuniko kwenye njia ya bomba, kuanzia ya karibu na nyumba mpaka shimoni. Kwetu ya kwanza na ya pili zilikuwa zimejaa hadi mdomoni, ya tatu kavu kabisa, tukachimba katikati ya chemba ya pili na ya tatu tukakuta mizizi imepenya kwenye maungio ya bomba, myembamba kama nywele, imekamata pedi, tishu na mafuta, yaani miaka yote ile fito ilikuwa inatoboa njia katikati tu na mizizi inabaki palepale. Tukakata kile kipande, tukaweka bomba jipya la inchi 4 na kupima mteremko upya, kila mita moja ishuke kama sentimita 2 na nusu.

Ukikuta chemba zote zimejaa hadi shimoni, fito haitasaidia. Ita gari la kunyonya, halafu angalia chemba zinakaa muda gani kabla ya kujaa tena. Zikijaa haraka masika tu, kiangazi ziko poa, ni maji ya ardhini yanaingia shimoni au kuna mtu aliunganisha maji ya bati kwenye chemba, hayo yatoeni leo leo. Zikijaa haraka hata kiangazi, mara nyingi shimo la kufyonza, lile linaloachia maji yanywee ardhini, limeziba kwa tope, chimbeni lingine.

Na naomba sana jamani, msimshushe kijana shimoni eti akachote na ndoo, hata kama shimo linaonekana limekauka. Gesi ya mle inamwangusha mtu kabla hajaita, na anayeshuka kumwokoa anafia hapohapo.