Fungu la kumi, kabla ya makato au baada? Nilikuwa mtunza hazina, ngoja niseme

Mkuu umeuliza kitu ambacho watu wengi wanaulizana chini chini wakishatoka ibadani. Mshahara laki saba, ukikatwa kila kitu unabaki na laki nne na themanini na kitu, mchungaji anasema fungu la kumi linatoka kwenye laki saba na asiyetoa anamwibia Mungu, wife anasema mtoe kwenye kinachoingia mkononi, na sasa mmefikia kununiana. Mimi nilikuwa mtunza hazina wa kanisa miaka sita, nilikaa kwenye ile meza ya kuhesabia sadaka kila jumapili, kwa hiyo nina ya kusema.

Tuanze na hesabu maana watu wanapenda kugombana bila hesabu. Laki saba toa NSSF (mfuko wa pensheni) 70,000, PAYE (kodi ya mshahara) 42,000, bodi ya mikopo ya wanafunzi asilimia 15 yao 105,000, inabaki 483,000. Kwahiyo mnagombania 70,000 au 48,300, tofauti ni 21,700. Karibu bei ya kujaza mtungi mdogo wa gesi. Sisemi ni ndogo, mtungi ukiisha tarehe 20 utajua sio ndogo.

Sasa kwenye Biblia hutakuta kabla ya makato wala baada, kwa sababu zaka ile, yaani fungu la kumi, ilikuwa ya nafaka, divai, mafuta na mifugo. Kasome Kumbukumbu la Torati 14 yote usiishie katikati. Pale mtu anaambiwa kama njia ni ndefu auze zaka yake, aende na hela mahali pa Bwana, anunue chochote roho yake inatamani, ng'ombe, kondoo, divai, ale afurahi na watu wa nyumbani mwake, na kila mwaka wa tatu inawekwa mjini kwao kwa ajili ya Mlawi (wa lile kabila la watumishi wa hekalu), mgeni, yatima na mjane. Nipo kanisani tangu utoto na sijawahi kusikia huo mstari wa kula na kufurahi ukihubiriwa siku ya bahasha za fungu la kumi, hata mara moja.

Ila tusimuonee mchungaji wako pia. Walawi hawakupewa urithi wa ardhi kama makabila mengine, zaka ndo ilikuwa shamba lao, na ukisoma Nehemia 13 utaona watu walipoacha kutoa Walawi wakakimbilia mashambani wakatafute chakula na kazi ya hekalu ikalala. Mtumishi lazima ale. Na Yesu kwenye Mathayo 23 aliwaambia Mafarisayo wanaotoa zaka ya mnanaa na bizari kwamba wasiache hayo, ila wameacha adili, rehema na imani. Huo mstari kila upande unachukua nusu yake na kukimbia nayo. Martin Luther, yule aliyeanzisha matengenezo ya kanisa Ujerumani, naye alihubiri mwaka 1525 kwamba sheria ya Musa ilikuwa ya Wayahudi, haitufungi sisi, lakini zaka akaisifia, kwamba ni mfano mzuri hata watawala wangeiga, maana ukivuna kidogo na unachotoa kinapungua chenyewe. Mimi nipo hapo hapo, natoa lakini siamini kwamba ni kodi yenye faini.

Na nitakwambia kwanini nimekuwa mkali kwenye hili. Kanisa letu (silitaji) tulikuwa tunabandika orodha mlangoni, namba ya bahasha, jina, kiasi. Ile orodha nilikuwa naitengeneza mimi kwenye Excel na nilikuwa najisikia fahari jinsi ilivyonyooka. Kuna mama mmoja mjane, miezi mitano mfululizo jina lake lina sifuri. Akafiwa na mdogo wake aliyekuwa anakaa naye, mzee wa kanisa wa eneo lake akaja kwangu kuniuliza hali ya kadi yake ya matoleo nikamuonyesha orodha, basi mchungaji hakwenda msibani, akatumwa mwinjilisti akaomba dakika kumi akaondoka.

Wiki mbili baadae nipo kwenye mnada baada ya ibada, ule wa mayai na ndizi ambazo waumini wanaleta kama sadaka, namuona yule mama anaweka trei la mayai mezani. Nikakumbuka kwamba huwa naliona hilo trei kila jumapili ya kwanza ya mwezi. Sasa utaratibu wetu wa mnada ulikuwa tunaandika jina la anayenunua, maana ndiye anayetoa cash. Yaani mayai ya yule mama miezi yote mitano yaliingia kwenye hesabu kwa majina ya wenye magari. Nilikaa kimya siku nzima hata chakula hakikupita.

Nikalipeleka kwenye kamati, wakasema ni bahati mbaya, tuendelee na ajenda, na ajenda ilikuwa tiles za madhabahuni wakati mlinzi wa kanisa anadai miezi miwili. Nikawasomea Malaki 3. Sio mstari wa 8 ule wa kumwibia Mungu, huo wanaukariri. Mstari wa 5, Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wanaomuonea mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, na mjane, na yatima. Mistari mitatu tu juu yake. Mwenyekiti akaniambia niwe makini na roho ya uasi 😀 ila mlinzi alilipwa wiki ile.

Kwa hiyo swali lako. Mimi natoa kwenye kinachofika mkononi. Mwaka mtoto alipoingia chuo nilishuka chini ya kumi, sikuona mbingu ikifungwa. Na umesema mama yako anaumwa kijijini, basi soma Marko 7 habari ya korbani, watu walikuwa wanasema mali hii ni ya Mungu ili wasiwasaidie wazazi, na Yesu hakuwapigia makofi. Paulo naye kasema kila mtu alivyokusudia moyoni, si kwa lazima, sasa nyie wawili mkakusudie pamoja kwanza, usiende kutoa hiyo 70,000 mwenzako amenuna chumbani.

Yule mama nilienda kumuomba msamaha, akanikaribisha chai wala hakutaka maneno mengi. Orodha tuliitoa mlangoni baada ya kubishana karibu mwaka, na kabla sijaachia nafasi nilichora daftari la mnada upya likawa na safu mbili, aliyeleta na aliyenunua. Mchungaji mpya kalikuta hivyo hivyo.