Uzamili wa bayoteknolojia ya mimea: hesabu ya mche mmoja

Nina shahada ya botania. Kozi ya uzamili niliyoipata imechanganya bayoteknolojia ya mimea na biashara. Mimi na hesabu hatupatani. Niikwepe? (Dodoma)

Usiikwepe, mdogo wangu. Chukua mgomba. Ncha ya chipukizi unaisafisha, unaiweka kwenye chupa yenye agari (jeli ya mwani), sukari, madini na homoni, na kila wiki 3 au 4 unaigawa. Hiyo ni sayansi, utaipenda. Haya, umeme wa taa na kiyoyozi analipa nani? Chupa ngapi zitaota ukungu? Miche mingapi itakufa ikitoka chupani kwenda kitaluni, mahali ambapo wengi hulilia? Gharama ya iliyokufa hubebwa na iliyopona. Ukizidi kugawa ili ushushe bei, hutokea migomba ya vituko isiyofanana na mama yake, na mteja harudi. Tena kazi hiyo huchukua miezi kadhaa, ilhali mkulima anataka mche mvua zinapoanza, si wiki tatu baadaye. Oda lazima itangulie chupa. Msimu wangu wa kwanza niliuza miche yote nikashangilia, hadi nilipojumlisha mafuta ya jenereta.

Bayoteknolojia si ndiyo GMO, mazao yaliyobadilishwa jeni? Nikirudi nyumbani nitapata kazi kweli? (Moshi)

Miche ya chupa haibadilishwi jeni. Ni mgomba uleule, ila umeanza bila fukusi wala minyoofundo inayoshambulia mizizi. Virusi ni habari nyingine: mama asipopimwa, utazalisha ugonjwa kwa maelfu. Kuhusu GMO, soma sheria kama unavyosoma soko. Mwezi Oktoba 2022 Kenya ilitangaza kuondoa marufuku ya GMO ya mwaka 2012, kesi zikafuata. Tanzania ilisimamisha majaribio ya mahindi ya GMO kule Makutupora, Dodoma, mwaka 2018. Mbegu moja, na mpaka wa Namanga tu umewatenganisha wateja.

Uingereza mwaka mmoja, Chuo Kikuu cha Wageningen (Uholanzi) miwili, au SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine? (Mbeya)

Mwaka mmoja ni wa haraka, lakini utafiti wako utabanwa kwenye miezi michache. Wageningen ni krediti 120, na kwa kawaida kuna tasnifu na mafunzo kazini. SUA, au chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, utakuwa karibu na wakulima utakaowauzia. Mimi ningechagua kwa mafunzo kazini, si kwa jina la chuo.

Baba anasema niuze miche tu, uzamili wa nini? (Bukoba)

Mzee ana hoja. Waweza kuanza bila maabara: nunua miche midogo, izoeshe chini ya kivuli hadi ifae shambani, uuze. Nenda TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, mapema uulize masharti ya kuuza miche. Halafu muulize baba kama atakuachia kipande kilicho karibu na maji.