Kukosa nafasi kwenye mashindano ya picha: yasome matokeo kwanza, ndipo upange malengo

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Umetuma picha 16 kwenye mashindano manne ndani ya mwaka mmoja, hakuna hata moja iliyovuka mchujo, na sasa unauliza mambo mawili: kama ni dalili kwamba kipaji hakipo na uuze kamera, na kama lengo la "mwakani lazima nishinde tuzo moja" linafaa. Kamera usiuze. Lengo hilo achana nalo. Sababu ya majibu yote mawili iko kwenye hesabu, kwa hiyo tuanzie hapo.

Chukulia shindano linalopitisha picha 5 katika kila 100, na picha zako ziwe na ubora uleule wa za wenzako. Uwezekano wa picha moja kukosa ni 0.95. Zidisha 0.95 kwa yenyewe mara 16 utapata 0.44. Yaani wapiga picha 100 wa kiwango chako wakituma picha 16 kila mmoja, 44 kati yao watamaliza mwaka bila kitu. Shindano likipitisha 2 tu kwa 100, wanaotoka mikono mitupu wanafika 72. Kukosa mara 16 hakujathibitisha lolote kuhusu kipaji chako.

Na mashindano makubwa ni magumu kuliko hapo. Wildlife Photographer of the Year, shindano la picha za wanyamapori lililoanza 1965 na sasa linaendeshwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London, miaka hii linapokea karibu picha 60,000, na zinazoingia kwenye maonyesho ni 100. Ni moja kwa 600. World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, mwaka 2024 ilipokea picha 61,062 kutoka kwa wapiga picha 3,851. Ukigawanya, wastani ni picha 16 kwa mtu, idadi ileile uliyotuma wewe, na wengi wa watu hao kupiga picha ndiyo kazi inayowalisha.

Sasa fikiria upande wa jaji. Picha 60,000 zikitazamwa kwa sekunde 5 kila moja ni sekunde 300,000, sawa na saa 83 bila kupumzika. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni ya jicho la haraka. Picha inayohitaji mtu atulie ndipo aielewe inaangukia hapo, hata kama ni nzuri. Kwenye mashindano ya alama hali ni hiyohiyo. Tuseme majaji ni watatu, kila mmoja anatoa hadi 10, na mstari wa kupita ni 20. Picha yenye 7, 7 na 6 imeingia. Yenye 7, 6 na 6 imetoka. Tofauti ni alama moja ya jaji mmoja, pengine alikuwa amechoka, pengine ameshaona machweo 40 asubuhi hiyo. Lakini barua pepe watakazopokea wenye picha hizo mbili zitatofautiana kama mbingu na ardhi.

Hesabu hii isikubweteshe. Inakwambia tu kwamba jibu la "hapana" peke yake halina habari ndani yake. Habari inabidi uitafute mwenyewe kwenye picha.

Subiri siku 14 kwanza. Wiki ya matokeo macho hayaaminiki: ama utaona kila picha yako ni takataka, ama utaona majaji wote hawajui kazi. Baada ya hapo zipunguze picha zako zote hadi pikseli 200 upande mrefu, uziweke folda moja na picha 20 zilizofanya vizuri kwenye shindano hilohilo mwaka uliotangulia, nazo ziwe na ukubwa huo. Zitazame zote pamoja. Hivyo ndivyo zinavyoonekana kwenye mchujo. Kisha mwite mtu asiyepiga picha kabisa, mwonyeshe kila moja kwa sekunde 5, ifiche, muulize ameona nini. Andika neno lake la kwanza kama lilivyo. Usimweleze wala usiitetee picha.

Chukua mfano wa fundi anayeshona kiatu, aina ya picha ambayo karibu kila mmoja wetu anayo. Mikono yake ina mwanga mzuri wa dirishani, sindano imeingia kwenye ngozi, uzi umekazwa. Ukiitazama kwa ukubwa kamili unaona mikono. Ukiipunguza hadi pikseli 200, kinachoruka ni ndoo ya plastiki ya bluu kwenye kona ya kulia, kwa sababu ndiyo rangi pekee iliyokolea katika fremu nzima ya kahawia. Mtu wako atasema "ndoo". Jaji naye kaona ndoo, basi. Dawa ni kusogea hatua moja kushoto kabla ya kubonyeza, ndoo ijifiche nyuma ya bega la fundi. Ukiwa mezani tayari, unaweza kuikata kona hiyo au kupunguza ukolevu wa bluu peke yake. Kuifuta ndoo kabisa ni jambo jingine: kwenye vipengele vya habari na wanyamapori kuondoa au kuongeza kitu ni kosa la kukutoa mashindanoni.

Ukimaliza zoezi hilo, gawa picha zako mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni zilizovunja kanuni: saini au jina kwenye picha, fremu ya kupachika, upande mrefu kuzidi pikseli zilizotajwa, maelezo marefu kuliko maneno yaliyoruhusiwa, picha kuwekwa kwenye kipengele kisicho chake. Hizi huenda hazikutazamwa kabisa, kwa hiyo usizilie. Wakubwa nao hukwama hapa. Mwaka 2015 World Press Photo iliondoa takriban asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho kwa sababu ya uhariri uliovuka mipaka, baadhi zikiwa zimetiwa giza vivulini mpaka vitu vilivyokuwepo vikapotea. Mshindi wa Wildlife Photographer of the Year wa 2009, picha ya mbwa mwitu akiruka lango, alivuliwa tuzo Januari 2010 majaji walipoamini kwamba yaelekea mnyama huyo alikuwa wa kufugwa. Tunza faili ghafi (RAW, picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa) ya kila picha unayotuma, pamoja na fremu za kabla na baada yake. Wakikuomba ushahidi ukakosa, umetoka.

Fungu la pili ni makosa ya mkono, na mengi yanarekebishika jioni moja. Lililo sugu kuliko yote ni skrini yenye mwanga mkali. Ukihariri kwenye skrini iliyofunguliwa mwanga mpaka mwisho, ndani ya chumba chenye giza, utaishusha picha hadi ikupendeze wewe, kisha kwa jaji ifike nyeusi. Skrini ya kuhariria iwe kati ya 80 na 120 kwa kipimo cha kandela kwa mita ya mraba. Kama huna kifaa cha kupimia, weka karatasi nyeupe kando ya skrini katika mwanga wa kawaida wa chumba, fungua ukurasa mweupe, upunguze mwanga mpaka weupe wa skrini ulingane na wa karatasi. Kosa jingine ni kunoa picha (kukoleza kingo zake ili ionekane kali) mara mbili, mara moja wakati wa kuhariri na mara ya pili wakati wa kutoa faili ya mwisho. Ikuze hadi asilimia 100 utazame paa linapokutana na anga: ukiona uzi mweupe umefuata ukingo, umezidisha. Na rangi: toa faili katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini na mtandao, isipokuwa kanuni zimesema vingine, maana faili ya Adobe RGB, mfumo wenye rangi pana zaidi, ikifunguliwa na programu isiyosoma wasifu wa rangi, picha inapauka.

Fungu la tatu ndilo gumu: picha isiyo na kosa lolote, lakini haina neno. Fokasi iko sawa, mwanga sawa, kanuni sawa, na hakuna anayeikumbuka baada ya dakika moja. Kipimo chake ni kuandika sentensi moja inayoeleza kwa nini mtu ambaye hakuwepo aijali, bila kutaja kamera, mwanga, wala taabu uliyopata. Sharti la taabu nalitilia mkazo. Picha iliyokugharimu usiku tatu wa baridi unaipenda kwa gharama yake, na jaji haioni gharama hiyo. Sentensi ikigoma kuandikika, itoe kwenye orodha ya mashindano, iache kwenye albamu ya nyumbani.

Picha iliyopona mafungu yote matatu itume tena kwingine. Haichachi. Angalia tu kama shindano jipya linakataa picha zilizowahi kuchapishwa au kushinda. Na upime ushahidi kwa uzito wake: kufika orodha fupi mara moja kuna uzito kuliko kukataliwa mara tatu, kwa sababu orodha fupi maana yake majaji walirudi wakaitazama tena.

Sasa malengo. "Lazima nishinde" ni lengo lililo mikononi mwa watu usiowajua. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa ukakosa, na unaweza kufanya ovyo ukapata, kwa hiyo mwisho wa mwaka halikufundishi chochote. Lengo la mpiga picha liwe kitu ambacho wewe mwenyewe unaweza kukihesabu na kusema nimefanya au sijafanya.

Mpango unaobebeka kwa mtu mwenye kazi nyingine ni huu. Chagua mada moja kwa miezi 9, kitu unachoweza kukifikia bila kuomba likizo. Toka mara mbili kwa mwezi, saa mbili kila safari. Hizo ni safari 18. Kila safari bakiza picha zisizozidi 5, uchague siku ya pili yake, siyo usiku uleule ukiwa bado na joto la tukio. Ukifika mwisho una picha 90 hivi. Zichapishe zote kwa sentimita 10 kwa 15, za bei nafuu tu, uzitandaze mezani. Siku ya kwanza punguza hadi 40. Wiki inayofuata hadi 20. Wiki ya tatu zibaki 8 hadi 10 zinazosimama pamoja kama mfululizo. Usifanye kazi hii kwenye skrini: mezani unaona picha mbili zinazosema jambo lilelile, na unalazimika kuiondoa moja.

Ongeza ujuzi mmoja kwa kila miezi mitatu, na kabla ya kuweka lengo jua ulipo. Tuseme unahangaika na fokasi ya watu wanaotembea. Piga fremu 50 kwa kasi ya 1/250 ya sekunde, hesabu ngapi jicho limekaa sawa. Ukipata 12, lenga 25 robo hii, usilenge 50. Rudia hesabu hiyo kila mwezi katika mwanga unaofanana, la sivyo unapima hali ya hewa.

Mashindano yasizidi matatu kwa mwaka. Ada zake zitengewe kiasi mwanzoni mwa mwaka, na kiasi hicho kisiguswe baada ya matokeo mabaya, maana hasira ya kukosa ndiyo inayowafanya watu walipie mengine matano usiku huohuo. Kabla ya kulipa soma kifungu cha haki. Wakiomba kutumia picha kwa kutangaza shindano na maonyesho yake, ni kawaida. Wakitaka haki ya kuitumia milele, popote, kwa biashara yoyote, na kwa kila picha iliyotumwa hata isiyoshinda, funga ukurasa huo.

Yanayovunja mipango ya namna hii nayajua matatu. La kwanza ni ahadi ya picha moja kila siku. Ukikosa siku mbili mfululizo, mpango mzima unahesabika umekufa na unaacha. Lengo la kila mwezi linavumilia homa na msiba. La pili ni kuiga washindi wa mwaka jana. Majaji hubadilika, na utakuwa mmoja wa mamia walioleta ndege uleule katika ukungu uleule. La tatu ni kununua lenzi mpya kama dawa ya majonzi. Rudi kwenye mafungu yako: kama hakuna picha hata moja iliyokosa kwa sababu ya lenzi, lenzi haitaibadilisha hali.

Kuhusu maumivu yenyewe, yape nafasi yake. Inauma kwa sababu ulitoa kitu chako ukakirudishiwa bila neno. Siku ya matokeo usimwandikie jaji wala mwandaaji, na usiingie kubishana chini ya picha ya mshindi. Kesho yake fungua picha hiyo, kaa nayo dakika 10, uandike mambo matatu ambayo mpiga picha aliyaamua: alisimama wapi, alikata nini nje ya fremu, alisubiri nini. Hilo huponya wivu haraka kuliko kujilazimisha kupongeza. Ukiona baada ya mashindano mawili mfululizo unapiga tu kile unachodhani majaji watapenda, na kamera inakaa kabatini mpaka tangazo jipya litoke, pumzika mashindano mwaka mzima, lakini safari zako mbili za mwezi ziendelee.

Kwa zile 16, zoezi la pikseli 200 lifanye wiki hii, siku 14 zako zimeshapita. Kisha weka hapa tatu zilizobaki kwenye fungu la tatu, kila moja pamoja na ile isiyohaririwa, maelezo uliyotuma nayo, na kipengele ulichochagua. Usizirekebishe kwanza. Tunataka kuona kile walichokiona wao.