Pointi 6 ndani ya miaka 2: shemeji hawezi kukubebea

SWALI: Habari za kazi, Wakili. Niliendesha gari Dar es Salaam miaka 12 kabla ya kuhamia Uingereza. Nikafaulu mtihani wa hapa, na ile miaka 2 ya dereva mpya, ambayo ukifikisha pointi 6 za makosa unafutiwa leseni, inaisha wiki 6 zijazo. Nina pointi 3 za kupita taa nyekundu. Juzi nimepata barua kwamba kamera imeninasa nikienda maili 38 kwa saa kwenye barabara ya maili 30. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna jamaa anatoza paundi 300 kubeba pointi za mtu. Shemeji yangu naye yuko tayari aandikwe yeye, bure. Wengine wananishauri nikae kimya mpaka miaka 2 ipite. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja. Jaza ile fomu ya kumtaja dereva iliyokuja na barua, kwa jina lako, weka sahihi, irudishe kabla siku 28 hazijaisha.

Washauri wako wote wameruka jambo ambalo lingekutuliza moyo: kwa mwendo huo huenda usipate pointi kabisa. Kwenye barabara ya maili 30, polisi kwa kawaida humpa nafasi ya kozi ya mwendo dereva aliyenaswa kati ya 35 na 42, mradi hajahudhuria kozi ya namna hiyo ndani ya miaka 3. Wewe ulikuwa 38, na ile taa nyekundu ulipigwa pointi, hukupelekwa kozi. Unalipia, unakaa saa chache unasikiliza, yanaisha. Si haki ya kudai, polisi ndio wanaoamua. Lakini kozi hupewa aliyejaza fomu na kukubali kwamba ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Kwa hiyo kishoka wako anataka paundi 300 ili akutoe kwenye njia halali na kukuingiza kwenye jinai.

Hili la kukaa kimya mpaka muda upite ndilo linalonichosha zaidi, maana nalisikia kila mara, na kwa watu wenye akili zao timamu. Sheria ya madereva wapya ya 1995, iliyoanza kutumika Juni 1997, inaangalia siku ya kosa. Siku ya hukumu haina uzito. Kamera imeshaandika tarehe, saa na dakika, na wewe siku hiyo ulikuwa bado ndani ya miaka 2. Shauri likiamuliwa hata miezi mitano baadaye, pointi zikifika 6 DVLA (mamlaka ya leseni za udereva) wanakufutia leseni vilevile. Isitoshe, kutomtaja dereva ni kosa linalojitegemea: pointi 6 na faini inayoweza kufika paundi 1,000. Umezikimbia 3 za mwendo, umejitwisha 6, na siku 28 zenyewe zinaisha ukiwa bado dereva mpya machoni pa sheria.

Usitegemee huruma pia. Dereva wa kawaida akifika pointi 12 hupelekwa mbele ya hakimu, na anaweza kujieleza kwamba ana mgonjwa wa kumpeleka hospitali au kazi itaota mbawa. Dereva mpya akigonga 6, DVLA wanafuta tu. Hakuna wa kumlilia.

Sasa miaka yako 12 ya Dar. Hesabu inaanza siku uliyofaulu mtihani wa hapa. Leseni ya Tanzania, kama ya Kenya, haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya Uingereza. Inakuruhusu kuendesha miezi 12 tangu uwe mkazi, kisha unafanya mtihani kama wengine. Ukishafaulu, wewe na kijana wa miaka 18 mliotoka naye siku hiyo hiyo mko sawa. Wazoefu ndio wanaopata shida kulimeza hili. Hata kibao cha P cha kijani, kile cha dereva mpya, hakihusiki: ni cha hiari, na kukibandua hakupunguzi hata siku moja. (Ireland ya Kaskazini wana utaratibu wao wa vibao.)

Kuhusu shemeji. Ile fomu inataka jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na sahihi ya mtu anayekubali kwamba ndiye aliyeendesha. Akisaini uongo, nyote wawili mmeingia kwenye kosa la kupotosha haki. Polisi wana picha. Wakitaka, wataulizia kazini kwake alikuwa wapi saa ile, na simu yake ilikuwa mtaa gani. Chris Huhne alikuwa Waziri wa Nishati wa nchi hii. Mkewe alizibeba pointi zake za mwendo wa 2003, siri ikafumuka baada ya ndoa kuvunjika, na mwaka 2013 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miezi 8. Kwa pointi 3! Na huyo wa WhatsApp ni hatari kuliko shemeji, kwa sababu hajakuuzia wewe peke yako. Siku akikamatwa, simu yake ina majina ya wateja wote. Kama bado hujapata uraia, kifungo kinaweza kugusa hata ukaazi wako.

Linganisha na kile unachokiogopa. Kufutiwa leseni si kufungiwa kuendesha. Unaomba leseni ya muda, unarudisha vibao vya L vya mwanafunzi, unaendesha ukiwa na mtu wa miaka 21 au zaidi aliyeshika leseni kamili kwa miaka 3, na unarudia mitihani yote miwili, wa nadharia na wa barabarani. Pointi zinabaki, ila ile miaka 2 ya dereva mpya haianzi upya. Inauma, ina gharama, lakini inapita.

Nikiwa hapo hapo, wengine mnaosoma mkiwa na leseni mbichi: wengi hawafiki 6 kwa kudunduliza 3 na 3. Kushika simu ukiendesha ni pointi 6 kwa mkupuo tangu Machi 2017, pamoja na faini ya paundi 200, na tangu Machi 2022 hata kuchagua wimbo au kupiga picha ukisubiri taa ibadilike kumo. Kuendesha bila bima ni 6 nyingine na paundi 300. Hapo ndipo wanaponaswa wale wa kuazimana magari: “bima yangu ni kubwa, inafunika gari lolote.” Ya dereva mpya mara nyingi haifuniki. Soma cheti chenyewe, usimsikilize aliyekuuzia gari.

Na ukihama nyumba, badilisha anwani kwenye leseni na kwenye kadi ya gari. Barua ya DVLA ikienda kwa mpangaji mpya, leseni inafutwa hivyo hivyo, nawe unaendelea kuendesha bila leseni, pengine na bima isiyolipa. Pointi zako unaweza kuziangalia mwenyewe kwenye tovuti ya serikali, bila malipo, kwa namba ya leseni, namba ya bima ya taifa na postikodi.