Kama una usiku mmoja tu, lala Nördlingen

Mkuu, umesema una Jumapili moja tu kusini mwa Ujerumani, unataka mji wa kale wenye ukuta, na unafikiria kwenda Rothenburg asubuhi urudi Munich jioni. Mimi ningebadilisha yote mawili. Rothenburg ni mzuri, sibishi, ila mchana watu ni kama Kariakoo wiki ya sikukuu. Na miji hii utamu wake unaanza mabasi ya watalii yakishaondoka. Nenda Nördlingen, ulale humohumo ndani ya ukuta.

Nilikwenda mwezi Juni nikitokea Augsburg. Unabadilisha treni Donauwörth, kutoka hapo ni kama nusu saa. Stesheni iko nje ya ukuta, unatembea kidogo tu unapita chini ya lango la Deininger Tor, na lami inageuka mawe. Magurudumu ya begi langu yakaanza kunitangaza mtaa mzima. Beba la mgongoni.

Kosa langu lilikuwa kufika na njaa. Jumapili maduka yamefungwa, na hata migahawa iliyo wazi majiko yake huzimwa mapema. Nilizungushwa milango miwili, wa tatu nikaokolewa na Mturuki wa döner, mkate wenye nyama ya kuchoma. (Kwa wasiokula nguruwe: Maultaschen, vifuko vya unga vilivyojazwa utakavyoviona kwenye menyu nyingi za huko, ndani mara nyingi huwa na nyama hiyo. Uliza kwanza. Käsespätzle ni tambi za jibini, ila nazo uliza, wengine hutia vipande vya nyama.) Na uwe na pesa taslimu.

Baada ya kushiba nikapanda ukutani. Saa mbili usiku, jua bado linawaka! Juni kule linazama saa tatu na ushei, kwa hiyo una jioni ndefu ajabu. Ukuta ulianza kujengwa mwaka 1327 kwa amri ya mfalme Ludwig wa Bavaria, na juu yake kuna njia iliyoezekwa vigae, inauzunguka mji wote bila kukatika, kilometa 2.7 hivi, bure. Upande wa nje ni matundu ya kurushia mishale. Upande wa ndani unachungulia nyua za watu: mzee anamwagilia nyanya, paka juu ya bati, vijumba vimeegemezwa ukutani kama vibanda. Mbayuwayu wanapita usawa wa pua. Nilikutana na watu wanne tu mzunguko mzima.

Mji wenyewe ni duara, na umekaa ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo miaka kama milioni 15 iliyopita. Shimo lina upana wa kilometa 24 hivi, ndiyo maana ukiwa ndani hulioni, unadhani ni bonde tu. Jiwe lililojengea kanisa la Mtakatifu Georg limetokana na kishindo hicho na lina almasi ndogondogo zinazoonekana kwa hadubini. Usije na patasi, hazina bei. Wanaanga wa Apollo 14 waliletwa huku mwaka 1970 kujifunza mawe kabla ya kwenda mwezini.

Sasa lile lililonipeleka. Saa nne kamili usiku simama chini ya mnara wa kanisa hilo, wanauita Daniel, una mita 90. Mlinzi wa juu hutoa sauti: "So, G'sell, so!" Yaani, sawa, mwenzangu, sawa. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1440 bwana mkubwa wa Oettingen aliwahonga walinzi waache lango bila komeo ili auteke mji. Nguruwe akajikuna kwenye lango, likafunguka, mwanamke mmoja akaona, akapiga kelele. Walinzi wakauawa, nguruwe akapata sifa.

Nilitegemea kitu cha kuwafurahisha watalii, kipaza sauti na makofi. Hapana. Ni koo la mtu tu, limepasuka kidogo, halafu kimya. Hakuna aliyepiga makofi. Tulikuwa watatu uwanjani, na mmoja alikuwa anamtembeza mbwa. Ngazi za mnara ni 350, nilizipanda kesho yake asubuhi.

Mlinzi anaita kila nusu saa mpaka saa sita. Chukua chumba cha karibu na kanisa, uache dirisha wazi. Wito wa saa tano niliusikia nikiwa kitandani. Wa saa tano na nusu sikuusikia.