Usiiweke hewa yenye salfa katika mitungi hiyo

Ndugu, simamisha kwanza ununuzi wa mitungi ya chuma cha pua. Umeuliza ni safu (bomba jembamba la kutenganishia) ipi ya kromatografia ya gesi, yaani mashine inayotenganisha na kupima gesi zilizochanganyika, itakayotenganisha misombo ya salfa katika hewa ya mabwawa ya majitaka, na kigunduzi kipi kinafaa, lakini katikati ya swali lako umeandika kwamba sampuli zitakaa mtungini siku 6 kabla ya kupimwa. Hapo ndipo nilipoharibikiwa mimi.

Nilikusanya hewa msimu mzima wa mvua. Ukingoni mwa bwawa harufu ya mayai viza ilikuwa ikikaba koo, ilhali mashine ilichora kilele (alama ya kuwepo kwa gesi) safi cha karbonili sulfidi, gesi nyingine ya salfa, na mahali pa haidrojeni sulfidi, gesi yenyewe ya harufu hiyo, palikuwa patupu. Niliiamini mashine, nikaandika ripoti kwamba malalamiko ya wakazi hayakuthibitika. Ripoti hiyo inaniuma hadi leo.

Haidrojeni sulfidi na methanithioli, gesi nyingine ya salfa inayonuka, hung'ang'ania kuta za chuma tupu, na penye unyevu na oksijeni hazidumu: methanithioli hugeuka dimethili disulfidi, hata ukaripoti gesi iliyozaliwa ndani ya mtungi wako mwenyewe. Karbonili sulfidi haina wepesi huo wa kushikamana wala kugeuka, ndiyo maana kilele chake kilinihadaa nikadhani mtungi ni mzima. Muuzaji wa vifaa aliniapia kwamba mtungi uliong'arishwa ndani hufaa kwa gesi yoyote, wala hakuniuliza hata mara moja ninapima nini. Nami nilikuwa nikiingiza gesi sanifu (ile ambayo kiwango chake kinajulikana) moja kwa moja kwenye mashine, kwa hiyo urekebishaji ulionekana hauna dosari, kumbe nilikuwa nimepima mashine peke yake na kuiacha safari nzima ya sampuli.

Gesi sanifu lazima ipite njia ile ile itakayopitwa na sampuli: chombo kile kile, mabomba yale yale, unyevu ule ule, siku zile zile. Vyombo na mabomba yaliyopakwa silika (utando kama wa kioo) ndani husaidia sana. Mfuko wa Tedlar (aina ya plastiki) nao unakubalika iwapo utapima ndani ya saa 24. Hata hivyo, usimwamini yeyote kuhusu chombo chochote kabla hujakijaribu.

Kuhusu kigunduzi, kile cha fotometria ya mwale, kinachopima mwanga unaotolewa na salfa ndani ya mwali wa moto, kinafaa, mradi usiunganishe vipimo vyake kwa mstari mnyoofu, kwa kuwa salfa ikiongezeka mara 2 mwanga huongezeka takriban mara 4, na haidrokaboni (misombo ya kaboni na haidrojeni) zikitoka pamoja na salfa huufifisha mwanga huo.

Azima mtungi mmoja, ujaze haidrojeni sulfidi katika hewa yenye unyevu, kwa kiwango unachotarajia kukikuta bwawani, uipime siku hiyo hiyo, kisha baada ya siku 1, 3 na 6, utuwekee hapa namba hizo kabla hujalipia mtungi wowote.