Mswada umekataliwa na mchezo umepotea? Anza na ngeli

Pole sana, dada. Umesema mhariri ameurudisha mswada wako wa kitabu cha watoto wa miaka 4 hadi 7 kwa kuwa "unahubiri", na tangu hapo kila sentensi inatoka ngumu. Usiusahihishe sasa. Ufungie kabatini wiki mbili, maana ukiurekebisha ukiwa na uchungu utamwandikia mhariri, si mtoto.

Katika wiki hizo, chezea ngeli, yaani makundi ya nomino, dakika 15 kwa siku. Mchukue nyoka, mfanye kijoka, kisha joka: kijoka kimejificha kikombeni, joka limeziba barabara. Upatanisho wote unabadilika, na mtoto anasikia ukubwa kabla hajaona picha. Utajiri huu tunao mdomoni kila siku, utumie! Angalia tu unapogusa watu: "kijitu" hubeza.

Kisha tanakali za sauti. Jiwe kisimani, chubwi. Nazi mchangani, tifu. Moja kwa ukurasa inatosha, zikijaa zinageuka kelele.

Ukirudi kwenye mswada, kata aya ya mwisho kwanza. Mahubiri hupenda kujificha hapo. Kitabu cha picha cha kurasa 32 kwa kawaida hakihitaji zaidi ya maneno 500 hivi.

Halafu wasomee watoto watatu kwa sauti, bila kueleza kitu. Wakikukatiza kwa swali, weka alama, pana uhai hapo. Wakianza kuchezea viatu, rudi sentensi tatu nyuma. Mara nyingi kosa limeanzia huko.